Mjamzito anayetaka kuacha tumbaku asiachwe peke yake

Tahariri yetu ya Ijumaa ya leo inahusu jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halisemwi kabisa. Ni habari ya mwanamke mjamzito anayetumia tumbaku, anayetaka kuiacha kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na asiyejua amwambie nani.

Wapo watakaotushangaa. Watasema wanawake wetu hawavuti sigara, na kwamba haya ni matatizo ya Ulaya tunayajadili kana kwamba ni yetu. Kwa upande wa sigara wana haki kiasi fulani. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulionyesha kwamba wanawake wanaovuta hawakufika hata mmoja katika kila 100. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba wanawake wanaotumia tumbaku isiyo na moshi, yaani ugoro na tumbaku ya kutafuna, walikuwa karibu 4 katika kila 100. Basi anayehesabu sigara peke yake atawaona wachache tu, na wengi zaidi watampita mbele ya macho yake wakiwa na kifuko cha ugoro kwenye pindo la kanga.

Na sisi watu wa mwambao tuna letu la kujiuliza. Neno "uraibu", ambalo siku hizi hutumika kwa maana ya utumwa wa kilevi cha aina yoyote, kwa wazee wetu lilikuwa ni jina la ile tafuno yenyewe: jani la mtambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Mgeni alikaribishwa kwa uraibu, harusi haikukamilika bila uraibu, na bibi mwenye heshima zake hakukosa kijaluba. Lugha ilijua mapema kuliko madaktari kwamba kitu hicho hushika mtu. Hatusemi haya kuwadharau wazee wetu, kwani wao walipokea desturi waliyoikuta na hawakuwa na ujuzi wa leo. Sisi tunao, na kwa hiyo hatuna udhuru waliokuwa nao.

Aidha, wapo kina mama ambao hawakuwa watumiaji kabla ya mimba, bali walianza baada ya kushika mimba. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kikizidi, mate yakijaa kinywani, shoga au jirani humshauri abwie ugoro kidogo au atafune tambuu "akate ladha mbaya". Naye hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, akidhani ni dawa kama ndimu au tangawizi. Miezi miwili baadaye kichefuchefu kimekwisha, lakini ugoro haukwishi.

Tueleze basi, kwa ufupi unaowezekana, kinachotokea tumboni. Mtoto hapumui kwa mapafu yake. Hewa na chakula chake hupita katika kondo na kitovu, kutoka katika damu ya mama. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo kiasi cha 70 zinajulikana kusababisha saratani. Mbili ndizo zinazomfikia mtoto haraka zaidi. Ya kwanza ni hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hukalia chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni, kwa hiyo damu humfikia mtoto ikiwa imebeba oksijeni pungufu. Ya pili ni nikotini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuvuka kondo bila kizuizi. Matokeo yake yamethibitishwa kwa miaka mingi: mimba kutunga nje ya mji wa uzazi, kondo kukaa mahali pasipo pake au kubanduka kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa kabla ya kutimiza miezi yake, mtoto kuzaliwa amekufa, na mtoto mchanga kufariki ghafla usingizini bila sababu kuonekana. Mtoto wa mama mvutaji, kwa wastani, huzaliwa na upungufu wa uzito wa gramu 200 hivi.

Kuna wanaosema kwamba mtoto akiwa mdogo ni nafuu, kwani kuzaa kunakuwa kwepesi. Hili ni neno la hatari. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa ana uzito pungufu, na kila muuguzi wa wodi ya wazazi anajua maana yake: mtoto anayepata baridi upesi, anayenyonya kwa taabu, anayeshambuliwa na maradhi kwa urahisi. Wepesi unaodaiwa kupatikana katika saa za uchungu hulipwa kwa wiki nyingi za hofu.

Ama kuhusu tumbaku isiyo na moshi, wengi hudhani haina neno kwa kuwa haina moshi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanawake 1,217 wajawazito katika mji wa Mumbai, India, ambako tumbaku ya kutafuna na ya kusugulia meno ni jambo la kila siku kwa wanawake. Watoto wa waliotumia tumbaku hiyo walizaliwa na upungufu wa gramu 105 kwa wastani, na mimba zao zilikuwa fupi kwa siku sita hivi. Utafiti mwingine wa Sweden, ambako watu huweka ugoro wao chini ya mdomo, uliihusisha tumbaku hiyo na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa wafu. Tunautaja utafiti wa Mumbai kwa makusudi, kwa kuwa tambuu yetu na tambuu ya Bara Hindi ni ndugu moja, iliyosafiri kwa majahazi yale yale. Na popoo yenyewe, hata pasipo tumbaku, imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Shisha nayo iliingia mijini kwa sura ya ustaarabu, ikiwa na harufu ya tufaha na zabibu, na mabinti waliokuwa hawathubutu kushika sigara waliiona kuwa ni burudani ya kawaida. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao kimoja cha saa nzima humwingizia mtu moshi ulio mara 100 hadi 200 ya ujazo wa moshi wa sigara moja. Tanzania ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, na Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Anayedhani maji yale huchuja sumu amedanganyika, na sigara za umeme ambazo sasa huuzwa kwa vijana nazo hubeba nikotini ile ile.

Hatuwezi kupita bila kuwagusa ndugu zetu wa Tabora, wa Urambo na Kaliua, ambao tumbaku kwao si starehe bali ni riziki. Mwanamke anayechuma majani mabichi yenye umande au mvua hupokea nikotini kwa ngozi ya mikono yake, hata kama katika maisha yake hajawahi kuonja sigara. Kizunguzungu na kutapika kwa wachumaji si uchovu wa jua peke yake. Mjamzito katika kaya ya mkulima wa tumbaku apewe kazi nyingine msimu ule, na asikae ndani ya bani. Mume anayesema "kazi ni nyingi, mikono ni michache" amesema kweli, lakini kuna hesabu nyingine iliyo tumboni ambayo hajaihesabu.

Tukija kwenye sheria yetu, inafahamika kwamba tumbaku haikujulikana katika zama za Mtume (S.A.W.). Ilifika katika miji ya Waislamu karibu na mwaka wa 1000 wa Hijra, ndiyo maana wanazuoni walitofautiana: wapo walioiruhusu, wapo walioikirihi, wapo walioiharamisha. Tofauti hiyo ilikuwa na sababu, kwani madhara yake hayakuwa yamedhihirika kama yalivyodhihirika leo. Baada ya elimu ya tiba kubainisha, wanazuoni wengi wa zama zetu wameelekea kwenye uharamu, na miongoni mwao ni aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, aliyetoa fatwa ya kuiharamisha mwaka 1999. Msingi wao ni makatazo ya Qur'ani ya mtu kujitia mwenyewe katika maangamizo, na ile kanuni kubwa ya fiqhi inayokataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake.

Lakini hata anayeshikilia kwamba kwa mtu mzima ni makuruhu tu, na atazame hali ya mjamzito, maana hapa aliye katika hatari si mwenye kuvuta peke yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mjamzito akihofia mtoto wake anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, kisha alipe na kutoa fidia. Saumu ni nguzo, na nguzo imelegezwa kwa ajili ya kiumbe ambaye hajaonekana na jicho la mtu. Na katika kisa mashuhuri cha mwanamke wa kabila la Ghamid, aliyekuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri kosa lake akiwa na mimba, hukumu iliahirishwa mpaka alipojifungua, na ikaahirishwa tena mpaka mtoto alipoacha ziwa. Haki ya mtoto ilitangulizwa mbele ya hukumu. Sheria yenye kuchunga haki ya mtoto kwa kiwango hiki haiwezi kudhaniwa kwamba haina neno juu ya ugoro.

Hata hivyo, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame nasi, kujua hukumu ni jambo moja na kumsaidia mtu ni jambo jingine. Tumezoea kudhani kwamba mwanamke akishasikia neno "haramu" kazi imekwisha. Haikwishi. Nikotini hushika ubongo kwa namna ambayo mwili huidai kama unavyodai maji, na mwanamke anayeambiwa tu kwamba yeye ni muuaji wa mwanawe hataacha tumbaku, ataacha kusema. Atabwia ugoro chooni. Atavuta kwa jirani. Muuguzi akimuuliza atajibu "situmii", na kadi yake ya kliniki itaandikwa hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika suala hili methali hii imekuwa karibu sana na maana yake ya asili.

Tunaandika haya tukijua kwamba aibu ina mahali pake katika dini yetu, na kwamba staha ni pambo. Ila aibu inayomzuia mgonjwa asiseme ugonjwa wake haimlindi. Mama mkwe anayegundua kijaluba chini ya godoro na kukimbilia kuwaambia mawifi amebomoa mlango ambao msaada ungepitia. Na mume anayetishia talaka kwa sababu ya kipande cha sigara, hali yeye mwenyewe ana pakiti mfukoni, amekosa adabu kabla hajakosa busara.

Kwamba msaada hufanya kazi si dhana. Katika mji wa Glasgow, Scotland, wajawazito 612 waliokuwa wakivuta walishirikishwa katika utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015. Wote walipewa ushauri wa kawaida wa kuacha, na nusu yao waliahidiwa kwa kuongeza hati za manunuzi ya dukani zenye thamani ya hadi pauni 400 endapo wangeacha kweli kweli na vipimo vikathibitisha. Kufikia mwisho wa mimba, waliokuwa wameacha katika kundi la ushauri peke yake walikuwa 9 hivi katika kila 100. Katika kundi lililoongezewa hati walikuwa karibu 23. Tunayaona mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba bega la kuegemea, hata likija kwa sura ya unga na maziwa ya dukani, huzidisha wanaofaulu zaidi ya maradufu. La pili ni kwamba hata kwa msaada wote huo, 77 katika kila 100 hawakuweza. Basi asije mtu akamcheka mwanamke aliyejaribu akashindwa. Anapambana na kitu kizito.

Uingereza kwa ujumla imelifanya jambo hili kuwa kazi ya kawaida ya mkunga. Mjamzito hupuliza katika kifaa kidogo kinachopima kaboni monoksaidi katika pumzi yake, hupelekwa kwa mshauri, na hufuatiliwa. Katika nchi ya England, wanawake waliokuwa bado wanavuta wakati wa kujifungua walikuwa 15 katika kila 100 mwaka 2006/07; kufikia 2023/24 walikuwa wamebaki 7 hivi. Sisi hatuna kifaa hicho katika kila zahanati, wala hatutarajii mtu atugawie hati za manunuzi. Tuna vitu vingine, ambavyo wao wakivikosa huvitafuta kwa fedha: tuna ukoo, tuna jirani, tuna somo, tuna msikiti.

Tuanze na kliniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unaelekeza kwamba kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku, ya sasa na ya zamani, na kuhusu moshi wa wengine nyumbani na kazini, tangu hudhurio la kwanza na katika kila hudhurio. Anayeonekana kuitumia apewe ushauri na kusaidiwa, na mume naye ashauriwe aache. Tunawaomba wauguzi wetu waulize kwa maneno ya watu. Swali la "unavuta sigara?" litajibiwa "hapana" na mwanamke anayetafuna tambuu mara kumi kwa siku, na hatakuwa amesema uongo. Aulizwe juu ya ugoro, tambuu, kuberi, shisha. Aulizwe faraghani, si mbele ya foleni, wala mbele ya mama mkwe aliyemsindikiza. Na jibu lake lipokelewe bila kuguna.

Ama dawa za kusaidia kuacha, kama vile vibandiko na ubani wenye nikotini, zipo duniani na baadhi ya nchi huwapa wajawazito chini ya uangalizi. Mwongozo tulioutaja haukutoa hukumu ya kuzikubali wala kuzikataa kwa mjamzito, na vidonge vinavyoitwa bupropioni na vareniklini haukuvipendekeza kwake. Kwa hiyo mjamzito asinunue chochote duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji; aende kwa daktari. Kwa wengi wetu njia iliyo wazi ni ushauri na watu wa karibu.

Mwenye kuacha na ajue atakachokutana nacho, maana asiyeambiwa hudhani anakufa. Siku za mwanzo hasira huja upesi, usingizi hupotea, kichwa huuma, hamu ya kula huongezeka, na moyo huwa mzito bila sababu. Wiki ya kwanza ndiyo kali zaidi. Kwa wengi dhiki hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ya tumbaku huja kama wimbi: hupanda, hukaa dakika chache, hushuka. Anayeweza kujishughulisha dakika hizo kwa kunywa maji, kutembea uani, kutia udhu, kumpigia simu dada yake, amelivuka wimbi lile. Wapo wanaotia hofu kwamba kuacha ghafla humshtua mtoto tumboni. Si kweli. Ndani ya siku moja au mbili kaboni monoksaidi huwa imetoka katika damu ya mama, na mtoto huanza kupata oksijeni yake kamili. Anayeacha katika miezi ya mwanzo, mtoto wake hukaribia uzito wa mtoto wa asiyevuta. Na anayeacha mwezi wa saba bado amemfaa. Kupunguza si sawa na kuacha, kwani anayepunguza idadi ya sigara mara nyingi huvuta kila moja kwa pumzi ndefu zaidi, lakini kupunguza kwa nia ya kuacha siku iliyopangwa ni hatua.

Siku hiyo ipangwe na ijulikane. Vitu vyote vitoke nyumbani: kijaluba, kopo la ugoro, kiberiti cha mfukoni, hata kile kitambaa chenye harufu. Na mwenye kuacha awe na mtu mmoja, mwanamke mwenzake, anayeweza kumwambia lolote saa yoyote. Katika mila zetu mtu huyu tayari ana jina na heshima. Somo aliyemfunda bibi arusi mambo ya ndoa hashindwi kumsindikiza katika wiki nne hizi. Amtembelee kila siku wiki ya kwanza, ampikie, amcheke pale inapofaa kucheka, amsikilize anapolia. Akiteleza akabwia siku ya tano, somo asiseme "nilijua". Aulize kilichotokea saa ile, nani alikuwepo, alikuwa amekula au la, kisha waanze tena siku ile ile bila kungoja Jumatatu wala mwezi mpya.

Sasa tuseme na mume. Ndiye tuliyemkusudia kuliko wote, ingawa tumemchelewesha. Mke hawezi kuacha katika chumba ambacho mume anavuta. Kila jioni atakuwa anaonjeshwa anachokikimbia. Na hata mke asiyetumia tumbaku kabisa, moshi wa mumewe unamfikia yeye na mtoto, nao umehusishwa na uzito mdogo wa kuzaliwa na vifo vya watoto tumboni. Kuvuta dirishani si kuvuta nje. Mume Mwislamu anayefunga Ramadhani hukaa na kiu ya sigara kutoka alfajiri hadi magharibi, siku 29 au 30, na hafi. Amekwisha kujionyesha kwamba anaweza. Wakiacha pamoja, siku moja, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake, nafasi ya mke kufaulu huwa kubwa zaidi. Fedha iliyokuwa ikienda dukani kila siku iwekwe mahali wanapopaona wote wawili. Kufikia siku ya saba ya mtoto itakuwa imesaidia katika akika.

Maimamu wetu nao wana nafasi. Hotuba ya Ijumaa ikitaja tumbaku, aghalabu huwatazama vijana wa vibaraza. Inafaa siku moja imtazame baba anayetarajia mtoto, na imwambie bila ukali kwamba nafaka (yaani matumizi ya mke na mwana) haihusu mchele peke yake, bali na hewa ya ndani ya nyumba. Walimu wa madrasa za kina mama wafungue mlango wa maswali, kwa sababu huko ndiko mwanamke anakoweza kuuliza juu ya tambuu bila kutajwa jina. Na katika harusi na maulidi, wenye shughuli wanaweza kukaribisha wageni kwa kahawa, kashata na halua, na uraibu ukabaki katika masimulizi. Hakuna atakayesema amenyimwa heshima.

Limebaki moja, na kwa maoni yetu ndilo linalosahauliwa zaidi. Wanawake wengi walioacha wakati wa mimba hurudia baada ya kuzaa. Walivumilia kwa ajili ya mtoto, mtoto amekwisha kutoka salama, usiku hakuna usingizi, maziwa yanauma, na mkono unarudi ulikozoea. Nikotini hupita katika maziwa ya mama, na moshi humkuta mtoto mchanga akiwa na mapafu yasiyozidi ukubwa wa kiganja. Lakini mama aliyerudia asiachishwe kunyonyesha kwa hofu hiyo. Maziwa yake bado ni bora, na asaidiwe kuacha upya. Asivute karibu na mtoto wala asilale naye kitanda kimoja, na baba mvutaji vilevile.

Bahati nzuri tunazo siku arubaini, ambazo mzazi huzungukwa na mama yake, shangazi na majirani, hupikiwa uji wa pilipili manga na kukandwa maji ya moto. Mara nyingi ni katika siku hizo hizo, bibi mwenye mapenzi mema humfungulia kijaluba "apate nguvu". Bibi huyo aombwe kwa adabu aje na mikono mitupu, na mwenye kumwomba awe ni binti yake mwenyewe, si mkamwana.